Nilivyompita Baba Mkwe Mlimani Manga

Nyamusi Ochoki,
Gesima,
S.L.P. 1138,
Keroka.

Alhamisi, 15 Desemba 1994

Mpendwa kaka Machogu, pamoja na wifi yangu Namsifu,

Salamu nyingi kutoka Gesima, ambako shule zimefungwa lakini mvua imekataa kwenda likizo. Mko wazima huko Norwe? Kifua cha wifi kimepona? Mama anakiombea kila anapofumba macho kabla ya chakula, na kwa kuwa anakiombea kwa kirefu, tukienda kwake tumezoea kula ugali uliopoa. Sisi huku tu wazima. Watoto wananenepa, Ochoki wangu hana neno, na goti la mama kule Suneka limetulia tangu aanze kulikanda kwa maji ya chumvi. Kwa hiyo keti vizuri usome, maana barua hii haina msiba ndani yake.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Nikiandika Ekegusii, wifi anabaki kukutazama usoni akisubiri umtafsirie, nawe nakujua, utamtafsiria yale unayoyapenda tu. Safari hii asome mwenyewe.

Barua yako ya Novemba ilifika salama na nilikwenda Suneka kumsomea mama. Alicheka mpaka akalia aliposikia kwamba umejifunga mbao ndefu miguuni na kushika fimbo mbili, ukateleza kwenye theluji kilomita kumi na tano, na kwamba bibi mwenye wajukuu alikupita akakusalimu. Ile sehemu inayosema siku iliyotangulia mlishindana kupanda ukuta kwa kamba niliisoma pia, ila siku yenyewe niliiruka. Kaka, Jumamosi? Mtoto wa mama yetu, Sabato nzima unaning'inia ukutani! Shukuru kwamba miwani ya mama imevunjika na anayemsomea barua ni mimi.

Basi nami nimeshindana. Siku mbili kama wewe, ya kwanza kupanda, ya pili mbio za nyika. Tofauti ni kwamba sisi tulifanya Jumapili na Jumatatu ya Jamhuri, kwa sababu waandalizi wanajua kwamba ukiita watu wa huku Jumamosi utakimbia peke yako. Tofauti nyingine utaiona ukiendelea kusoma.

Lakini nianze na kilichokuwa kikinisumbua, maana bila hicho hutaelewa kwa nini nililala vibaya wiki nzima. Unajua tangu nijifungue mtoto wa pili nimerudia mbio. Asubuhi nakimbia mpaka barabara ya lami na kurudi kabla ya kuchuma chai. Baba mkwe, mzee Ogari, hakuwahi kuniambia neno. Ila mwezi uliopita nilikutana naye njiapanda, yeye akienda kukamua, mimi nikiwa na kaptura ya mpira ya Ochoki. Aligeuka akarudi nyumbani na ndoo tupu.

Wifi, hapa nikueleze, maana sijui kwenu Upare mambo haya yakoje. Kwetu mke wa mtu na baba mkwe wake wana heshima kati yao, tunaiita chinsoni. Simgusi, simpiti kwa kumkwaruza, simwiti kwa jina, na hanioni nikiwa sijavaa vya kutosha, wala mimi simwoni yeye. Si kwamba tunachukiana. Ni heshima, na ukiivunja, aibu inakuwa ya wote wawili.

Kwa hiyo hakunigombeza mimi. Alimwambia mama mkwe, mama mkwe akamwambia Ochoki, Ochoki akaniambia mimi akikuna kichwa: "Mzee anasema hiyo maneno ya kaptura iishe." Nikamwambia Ochoki amrudishie mama, naye mama amrudishie mzee, kwamba wilaya ya Nyamira inatafuta wanawake wawili wa kwenda mashindano ya mkoa Kisumu. Wanajumlisha saa za siku mbili, wawili wa kwanza wanachukuliwa. Nikasema nipewe nafasi hii moja, tena nitavaa sketi. Nikichaguliwa, niachwe nikimbie. Nikishindwa, nitaweka raba zangu juu ya dari na sitasema tena. Jibu lilizunguka njia ileile likanirudia baada ya siku tatu. Mzee alikuwa amekubali.

Nilikwenda Keroka kwa mama Urmila, yule wa duka la vitambaa, nikanunua kitambaa cha sketi. Akanionyesha chepesi. "Mama, hii ndio itakauka haraka, hiyo ingine ni ya baridi." Mimi kwa woga wangu nikachukua kile kizito cha sare za shule, ili upepo wa Manga usiniaibishe. Ikashonwa ikapita magoti. Ochoki aliponiona akaniuliza kama nakwenda mbioni au kufundisha.

Sasa Jumapili. Njia ya kupanda Manga unaijua, tulipita pale na baba tukiwa wadogo. Kwa kuwa ni nyembamba, hatukuachiliwa pamoja. Kila mtu alianza peke yake, dakika mbili baada ya mwenzake, na saa yake ya kuanzia ikaandikwa kwenye kadi iliyobanwa kifuani kwa pini, kama unavyosema nyinyi mnafanya huko. Ofisa wa michezo alisimama juu ya jiwe akatuonya: "Mtapanda moja moja. Hakuna kusukumana. Hii mlima haina matengenezo."

Wazee wa zaidi ya miaka hamsini walitangulia, wanawake wakafuata. Wazee sikuwaangalia. Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa la shule tulipoanzia, nikifunga kamba za raba na kuomba Mungu. Kama ningeinua kichwa ningeona jambo ambalo lingenipunguzia taabu baadaye, lakini sikuinua.

Nikaachiliwa. Kaka, nilipanda! Ile miguu ya kubeba kikapu cha chai mgongoni kutoka bondeni haikunisaliti hata hatua moja. Mwanamke aliyenitangulia nilimpita kabla hata ya kutoka jasho. Nikawapita wazee watatu waliokuwa wameshaanza kutembea. Kisha nikampita mzee Zachariah, jirani yetu, aliyekuwa amevua kiatu kimoja akikung'uta kokoto. Huyo si wa ukoo wa Ochoki, kumpita si tatizo. Tena alinipungia kiatu akasema, "Kimbia, binti, kimbia!"

Nikaingia ile sehemu ya juu ambapo upande mmoja ni genge na upande mwingine ni vichaka vya miiba, njia yenyewe haitoshi ng'ombe wawili. Nikaona mgongo wa mzee mwingine mbele yangu. Ana kofia ya kanisani kichwani. Ana kaptura ya kaki ya zamani, ya zile pana.

Ilikuwa kofia ya baba mkwe.

Nilitaka ardhi ipasuke. Hakumwambia mtu kwamba amejiandikisha, hata mama mkwe hakujua. Baadaye tulisikia kwamba Zachariah ndiye aliyemchokoza kanisani, akamwambia kwamba mzee aliyezoea kuketi kwenye kiti cha kamati ya chai hawezi kupanda Manga. Hao wawili wanashindana tangu darasa la kwanza, kwa ng'ombe, kwa mahindi, hata kwa nani anafika kanisani mapema. Na huyo mwenye kuniambia maneno ya kaptura yaishe, yuko mbele yangu, magoti nje, na mimi natakiwa nisimwone na huku nikimfuata!

Kumpita bila kumgusa haiwezekani. Kumwita siwezi. Nikatazama miguu yangu mwenyewe nikafanya kile tulichofundishwa, nikakohoa ili ajue kuna mtu.

Akaongeza mwendo.

Nikakohoa tena, kwa sauti zaidi. Akaongeza tena. Kaka, mzee wa miaka hamsini na sita alipanda lile jabali utadhani anafukuzwa na nyuki, nami nyuma yake natazama chini, nakohoa. Nilikuwa nahesabu sekunde zangu zikimwagika. Nilisikia hasira, nikasikia huruma, kisha nikasikia kicheko kikinipanda nikakimeza. Tulikwenda hivyo urefu wa viwanja vitatu vya mpira. Mwishowe akapaza sauti bila kugeuka, pumzi ikimkata:

"Zachariah, kohoa mpaka jioni! Leo hunipiti!"

Ndipo nikaelewa. Nikasema kwa sauti ndogo, nikimwita baba kwa lugha yetu, "Tata, ni mimi."

Aligeuza kichwa nusu. Nilichoona baada ya hapo ni kofia ikiruka na mzee mzima akijitosa kwenye miiba, uso ndani ya kichaka, mgongo kwangu, mikono miwili ikivuta kaptura ishuke magotini. Akalia kutoka mle ndani, "Pita! Pita, mama, pita!" Nikafumba jicho moja nikapita. Kofia yake sikuiokota, niliiruka.

Nilifika juu nimekasirika kiasi cha kutosha kuupanda mlima mwingine. Matokeo yaliposomwa, mwalimu Bosibori alikuwa wa kwanza, akifuatwa na Mokeira, msichana aliyemaliza shule mwaka huu, na mimi wa tatu. Mokeira alinizidi sekunde arobaini na nane. Mimi peke yangu nilijua zilikopotelea. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na ningeanzia wapi?

Lakini ngoja. Wakasoma matokeo ya wazee. Wa kwanza, Ogari. Wa pili, Zachariah, sekunde tisa nyuma. Mzee akaitwa kuchukua kikombe kilichochongwa kwa jiwe la Tabaka, akaenda amejifunga koti la mtu kiunoni na mikwaruzo usoni, wala hakucheka. Anajua kuhesabu. Alijua ni nani aliyemkimbiza mpaka akapata kikombe, na alijua kimemgharimu nani.

Jumatatu asubuhi mama mkwe alikuja mlangoni kwangu na uji wa wimbi kwenye kibuyu, na ujumbe. Alisimama akausema kama mtoto aliyekariri fungu la Sabato. "Baba yenu anasema, leo hakuna mzee mbele yako." Akameza kicheko. "Tena anasema ile sketi ni nzuri, ivae kanisani. Na anasema yeye leo atasimama akiangalia upande wa Keroka."

Kaka, nililia ndani ya uji. Nilivua sketi palepale, nikachukua kaptura ya Ochoki. Uji niliumaliza wote, usidhani.

Mbio za nyika zilikuwa kilomita nane, kuanzia uwanja wa shule, kuteremka katikati ya mashamba ya chai, kuvuka mto, na kupanda kurudi uwanjani kwa upande wa pili. Usiku mvua ilikuwa imenyesha vya kutosha. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Bosibori sikumhitaji. Nilihitaji kumwacha Mokeira kwa zaidi ya sekunde arobaini na nane, na Mokeira ana miaka kumi na minane na miguu ya swala.

Mpaka kwenye chai tulikuwa pamoja, hao wawili wakitangulia kidogo. Hapo ndipo nilipowaonyesha ninakula wapi. Mistari ya chai ikiwa imelowa, ukiipita kifua mbele inakushika mapajani na kukuvuta kama mtu anayekudai. Wachumaji tunaingia kwa ubavu, nyonga kwanza, mikono juu. Wenzangu walikimbia kama walio uwanjani. Mimi niliingia kama ninayewahi mizani kabla karani hajafunga, na tulipotoka upande wa mtoni nilikuwa peke yangu. Matope yalinifika masikioni. Nilivuka mto bila kutafuta jiwe. Kwenye mpando wa mwisho niliimba, kweli kabisa, wimbo wa kanisa, ubeti mmoja nikiurudia kwa sababu wa pili uliniruka.

Uwanja mzima ulipiga kelele nilipoingia. Watu wa Gesima wamesimama juu ya mabenchi, watoto wangu wako mabegani mwa Ochoki, wote wanalia na hawajui wanalilia nini. Na pale kwenye utepe, katikati ya watu wote waliokuwa wakinitazama, kulikuwa na mtu mmoja amesimama wima akiangalia Keroka. Kofia kichwani, mikono nyuma, mgongo kwangu. Mzee Zachariah yuko kando yake anamtangazia kama redio.

"Amekata utepe, Ogari! Amekata!"

"Na yule mtoto mwingine?"

"Bado."

Nilianguka kwenye nyasi nikageuza macho kwenye kona ya uwanja. Karani wa saa alikuwa akihesabu kwa sauti sekunde tangu nikate utepe. Kumi na tano. Ishirini. Baba mkwe anauliza, "Amefika?" Zachariah anajibu, "Bado, ngoja." Thelathini. Akatokea mtu kwenye kona, nikainuka magotini, kumbe Bosibori. Akapita utepe. Arobaini. Mokeira akatokea. Kaka, yule msichana anajua kukimbia! Alikuja uso umekunjamana, na kwa kila hatua niliona Kisumu yangu inaondoka. Arobaini na tano. Zachariah ameacha kutangaza, na mzee anamvuta mkono, "Sema basi! Sema!"

Arobaini na nane ilisomwa akiwa bado hajafika kwenye goli. Alikata akiwa na hamsini na tatu.

Sekunde tano, kaka. Niliruka nikamkumbatia Ochoki na watoto na matope yangu yote. Kisha nikamwendea Mokeira aliyekuwa amelala kifudifudi, nikamketisha, nikamwambia mwakani ataniacha mbali na ndiyo maana ilinibidi nimshinde mwaka huu. Alicheka huku akilia. Nimemkaribisha tufanye mazoezi pamoja, na kesho anakuja.

Sasa nisikilize, hili ndilo lililonikalisha niandike. Ofisa wa michezo alituita mimi na Bosibori mezani, akatoa fomu. Kwa mwanamke aliyeolewa walitaka mtu wa nyumbani atie sahihi kwamba ameruhusiwa kusafiri. Ochoki akasogea, ameshafungua kalamu. Sauti ikatoka nyuma yetu.

"Lete hapa."

Alikuwa ameshafika karibu na meza kinyumenyume, bado anaangalia Keroka. Akanyoosha mkono nyuma. Ochoki akampa fomu na kalamu. Mzee akamgeuza Zachariah, akaiweka juu ya mgongo wake, akaandika polepole kwa ule mwandiko wake wa misheni, na Zachariah ameinama pale analalamika kwamba kalamu inamchoma. Watu walicheka, mimi sikuweza. Ofisa akaipokea, akasoma, akanitazama, akasema, "Mama, huyu mzee wako amekosea. Ni baba mkwe wako, lakini hapa kwa uhusiano hajamaliza. Ameandika 'baba' tu."

Mzee akajibu bila kugeuka, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye mabenchi:

"Nimemaliza."

Mashindano ya mkoa ni katikati ya Januari, nasi tutaondoka Jumapili asubuhi ya wiki hiyo. Usitafute hapa chini mahali ninapoomba kitu, leo siombi. Mama anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Ochoki anamsalimu wifi, watoto wanauliza kama theluji inaliwa, na mzee Zachariah, ambaye amesikia habari za mbao zako, anataka kujua kama wazee wa miaka hamsini wanaruhusiwa.

Wifi Namsifu, Mungu akupe kifua kizima na akuletee jua hata kama ni la saa moja kwa siku. Kaka, akulinde unapopanda na unapoteleza, akuongoze ukumbuke Jumamosi ni siku gani, na awarudishe nyumbani wote wawili mkiwa na nguvu.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Nyamusi